Anza na Deni Dogo: Jinsi ya Kujifunza Kusamehe Hatua kwa Hatua

Makanisani kwetu Nakuru msamaha huhubiriwa mara nyingi, lakini ni nadra mtu kuonyeshwa unavyofanywa. Mhubiri anasema "samehe", watu wanaitikia "amina", na mama aliyeketi katikati anarudi mtaani kwake Kaptembwo kukutana mlangoni na jirani yule yule aliyemharibia jina, asijue aanzie wapi. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili yake, na kwa yeyote anayetaka kweli kusamehe ila moyo umegoma.

Mitume wenyewe waligoma kidogo. Waliposikia kwamba ndugu akikosa mara saba kwa siku na kurudi mara saba akitubu, asamehewe, walimwambia Bwana, "Tuongezee imani" (Luka 17:5). Yesu akawajibu kwa habari ya punje ya haradali, kisha akaendelea na mtumishi aliyetoka kulima ambaye akifika nyumbani bado ana chakula cha jioni cha kuandaa. Walikuwa wanaomba nguvu ishuke yote kwa siku moja. Yeye akawaelekeza kwenye kitu kidogo na kazi ya kila siku. Mimi ndivyo ninavyolisoma jibu hilo, na ndiyo maana naamini kusamehe hufunzwa kwa mazoezi. Neema ni ya Mungu, lakini mazoezi ni yetu.

Kabla ya yote, neno kwa aliye hatarini. Kama unapigwa sasa hivi, au kuna mtoto anayedhulumiwa ndani ya nyumba, usianze na hatua hizi. Anza kwa kutoka au kutafuta msaada: nambari 1195 hupigwa bure kuhusu dhuluma za kijinsia, na 116 kuhusu watoto. Daudi alimwachilia Sauli mara mbili (1 Samweli 24 na 26), na hakurudi kuishi naye hata mara moja.

Hatua ya kwanza: madeni ya leo

Wengi huanza na jeraha kubwa kuliko yote. Wanataka kumsamehe baba aliyewatelekeza, au waliochoma nyumba, kabla hawajawahi kumsamehe mtu kwa makusudi hata jambo dogo. Wanashindwa, halafu wanajiona si Wakristo. Liache hilo kubwa kwa sasa. Chukua la leo: kondakta aliyekataa kukurudishia chenji pale steji, jirani wa ploti anayezisukuma nguo zako kando ili aanike zake, mwenzako wa kwaya aliyekukata jicho, mteja aliyesema "nitakutumia kwa M-Pesa jioni" na jioni tatu zimepita.

Usiku kabla ya kulala, chagua moja tu. Litaje mbele za Mungu kwa ukamilifu: ni nani, alifanya nini, alikupunguzia nini. Kisha sema kwa sauti, hata kama ni ya kunong'ona, "Baba, simdai tena hili." Kesho mkikutana, mtangulie kumsalimia. Basi. Usimwambie kwamba umemsamehe. Kumtangazia mtu msamaha juu ya jambo ambalo hata halikumbuki ni kumshtaki kwa njia nyingine.

Na yule mteja? Mwachilie kero na dharau uliyoisikia, lakini hela ni zako. Mkumbushe kwa upole. Kuidai haki yako na kumchukia mtu ni mambo mawili tofauti, na ni vizuri kujifunza kuyatenganisha kwenye shilingi mia mbili kabla hujafika kwenye ugomvi wa shamba.

Fanya hivyo kila usiku kwa wiki kadhaa. Kuna siku hutapata la kusamehe. Kuna siku jambo dogo mno litakataa kutoka, uligeuze hivi na hivi lisitoke. Hilo liandike kando. Mara nyingi limeshikana na la zamani, na ndilo litakalokuonyesha pa kuingilia hatua inayofuata.

Hatua ya pili: liandike deni lenyewe

Tuna msemo mzuri, yaliyopita si ndwele, tugange yajayo, ambao hutumiwa vibaya sana. Mtu hajamaliza kueleza alichotendewa, tayari ameambiwa agange yajayo. Yesu hakufanya hivyo. Katika Mathayo 18 alitoa mfano wa mtumishi aliyesamehewa talanta 10,000 na mfalme, akatoka nje na kumkaba koo mwenzake aliyekuwa na deni lake la dinari 100. Watu hulicheka deni hilo la pili kana kwamba lilikuwa senti. Hebu tulipige hesabu. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua wa siku nzima, kama tunavyoona kwa wale wa shamba la mizabibu katika Mathayo 20. Dinari 100 ni siku 100 za jasho. Ukikadiria kibarua cha shilingi 600 kwa siku, hizo ni shilingi 60,000. Hakuna mtu wa Nakuru anayeishi kwa kibarua atakayeziita hela ndogo.

Kwa hiyo Bwana hakusema kwamba ulichotendewa si kitu. Alikubali kwamba ni deni halisi, akaliweka kando ya jingine. Talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000, hivyo talanta 10,000 ni siku milioni 60 za kazi. Yule mtumishi alikuwa ameachiliwa deni ambalo ukoo wake wote usingelilipa, na bado akatoka mle ndani akiwa na moyo wa mdai. Ukisoma mfano huu bila hesabu, utauona kama karipio tu. Ukiupiga hesabu, unakuruhusu kwanza kulitaja deni lako lilivyo.

Basi chukua karatasi. Tuseme uko kwenye chama cha akina mama pale Free Area. Mmechanga kila Jumamosi, zamu yako imefika Desemba, na mweka hazina, ambaye ni rafiki yako, amezima simu na kuhama. Usiandike "alinikosea". Andika hivi:

Pesa, na kiasi chake. Karo ya muhula wa kwanza, maana mtoto alirudishwa nyumbani. Aibu mbele ya mume wangu, aliyekuwa ameniambia vyama ni vya kuliwa. Rafiki, yule niliyempelekea uji alipojifungua.

Mstari wa mwisho ndio unaouma kuliko yote, na mtu asipoandika huweza kukaa mwaka mzima akidhani anachosamehe ni pesa. Mtunga Zaburi aliujua uchungu huo: "Kwa maana aliyetukana si adui; kama ndivyo, ningevumilia" (Zaburi 55:12). Adui hawezi kukuibia urafiki.

Ukimaliza, pitia kila mstari ujiulize: hiki kinaweza kurudishwa, au kimekwenda? Pesa zinaweza kurudi. Aibu ile hairudi. Kisha, kama ipo sehemu yako katika ugomvi huo, iandike chini. Kama haipo, usijitungie. Nimeona watu wakijibebesha makosa wasiyoyafanya ili waonekane wanyenyekevu, na baadaye uchungu unawazidi mara mbili. Karatasi hii iweke mahali pako pa siri. Si ya kupigwa picha na kutumwa kwenye grupu la WhatsApp.

Hatua ya tatu: lia

Hapa sitakaa sana, kwa kuwa hakuna ufundi. Soma Zaburi ya 13 au ya 55 kwa sauti, ukiwa na karatasi mkononi. Hasira ikija, iache ije mbele za Mungu. Paulo aliandika, "Mwe na hasira, ila msitende dhambi" (Waefeso 4:26), hakuandika msiwe na hasira. Tafuta mtu mmoja wa kukusikiliza, mwenye kifua, asiyekimbilia kukushauri. Mmoja anatosha.

Hatua ya nne: amua, na uwe na shahidi

Yuko mwanasaikolojia Mkristo wa Marekani, Everett Worthington, aliyeutafiti msamaha kwa miaka mingi, na ambaye mama yake mzazi aliuawa na mwizi nyumbani kwake usiku wa kuamkia mwaka 1996. Yeye hutenganisha msamaha wa uamuzi na msamaha wa hisia. Wa kwanza mtu huufanya siku moja: naamua kutolipiza, naamua kumtendea kama mtu. Wa pili hufuata kwa mwendo wake, na waweza kuchelewa sana. Tofauti hii ingewapunguzia mzigo Wakristo wengi wanaodhani hawajasamehe kwa sababu tumbo bado linawakata wakimwona mtu fulani. Uamuzi unaweza kuwa wa kweli wakati hisia bado ziko njiani.

Uamuzi huo utamke. Shika karatasi, soma mstari mmoja mmoja, na baada ya kila mmoja useme, "Hili namwachilia, na kisasi chake namwachia Mungu." Mstari ukikukwama, usiuruke, sema, "Hili bado, Bwana, nisaidie," uurudie wiki ijayo. Andika tarehe.

Fanya hivyo mbele ya mtu. Mkatoliki anaweza kwenda kwa padri, mwingine kwa mchungaji au mzee wa kanisa. Ndugu wa Uamsho, ule ulioanzia Rwanda na Uganda na kuingia Kenya katika miaka ya 1930, wana desturi ya kukiri wazi mbele ya wenzao na kuiita kutembea nuruni. Ni urithi ninaouheshimu. Ila kwa jambo linalomhusu mtu mwingine, shahidi mmoja au wawili wanatosha, kwa kuwa ushuhuda mbele ya kanisa zima unaweza kugeuka kuwa umbea uliopambwa kwa "Bwana asifiwe".

Hatua ya tano: ulimi, maombi na matanga

Uamuzi ukishafanyika, mazoezi yanahamia kinywani. Acha kuisimulia ile hadithi, isipokuwa kwa anayehitaji kuijua. Kila unapoisimulia saluni au kwenye foleni ya maji unalifungua deni upya. Akitajwa, nyamaza, au sema jema moja unalolijua kwa hakika.

Muombee kwa jina, na uombe kitu mahususi: mtoto wake anayefanya mtihani, mguu wake unaomuuma. Kumuombea kwa "Bwana, mshughulikie" hakuhesabiki. Maneno hayo ya baraka yatakuwa makavu siku za kwanza, kama kumeza dawa bila maji. Yaseme tu.

Kisha kuna tendo. Paulo anasema adui yako akiwa na njaa umlishe (Warumi 12:20), na kwetu nafasi hiyo huja hasa wakati wa matanga. Kuanzia hapa Nakuru hadi Kakamega na Siaya, mtu huhesabu nani alikuja na nani hakuja. Aliyekukosea akifiwa, nenda. Huhitaji kukaa viti vya mbele wala kuomba ukaribishwe kusema. Toa mchango wako kwa anayeandika majina, ingia kwa wanaopika, chukua kisu, menya viazi na wengine hadi sufuria ijae. Atakuona. Asipokusemesha, umefanya lako. Na kama kuwa naye karibu ni hatari kwako, tuma mchango na ubaki nyumbani. Hilo nalo ni tendo.

Hatua ya sita: nenda kwake

Kwa jeraha kubwa itafika siku ya kuzungumza. "Na ndugu yako akikukosa, enenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu" (Mathayo 18:15). Na katika Mathayo 5:23-24, wewe ukiwa ndiye uliyekosa, uache sadaka yako mbele ya madhabahu uende ukapatane kwanza. Kumbuka Yesu aliyasema hayo Galilaya, na madhabahu ilikuwa Yerusalemu, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu. Iwe umekosa au umekosewa, anayetakiwa kuinuka ni wewe.

Usimwendee kilioni, wala langoni baada ya ibada watu wakiwa wanatazama, wala usimalize jambo zito kwa ujumbe wa simu. Mpigie, omba siku. Mkutane mahali tulivu ambapo hamtasikilizwa na watoto. Salamu kwanza, habari za nyumbani, na kama ni mkubwa wako mpe heshima yake yote. Shemeji abaki shemeji, mzee abaki mzee. Kisha sema kwa ufupi mambo matatu: kilichotendeka, kilivyokuumiza, na unachoomba. "Dada, mwezi wa Desemba zamu yangu ilifika na sikupata pesa. Mtoto alirudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Kilichoniumiza zaidi ni kwamba ulizima simu, tukiwa marafiki. Sikuja kugombana. Naomba tuzungumze utazirudisha vipi." Usianze na "wewe siku zote", na usilete ya mwaka juzi. Kisha nyamaza. Kimya hicho ni kigumu, na watu wengi hukijaza kwa kuanza kumtetea yule aliyewakosea. Mwache ajibu.

Akikana, Yesu ametoa njia: rudi na mmoja au wawili, kisha kanisa. Chagua mtu anayeheshimiwa na pande zote mbili. Akiwa ni shangazi yako tu, ataonekana amekuja kukupigania.

Hatua ya saba: kupatana kuna masharti yake

Kusamehe naweza peke yangu. Kupatana kunahitaji wawili. "Kama yamkini, kwa upande wenu, mkae katika amani na watu wote" (Warumi 12:18): upande wangu una mwisho. Na toba ya kweli ina mkono mfukoni. Torati iliagiza aliyekosa arudishe alichochukua na kuongeza sehemu ya tano (Hesabu 5:7). Zakayo akaahidi mara nne (Luka 19:8). Mchungaji anayewashikanisha watu mikono mbele ya kanisa bila kuuliza pesa zitarudi lini hajamaliza kazi.

Kwa hiyo unaweza kumsamehe mweka hazina, ukala naye, na usimpigie kura tena awe mweka hazina. Imani kwa mtu hujengwa upya kidogo kidogo, kwa mambo anayoyatimiza. Unaweza kusamehe ndugu yako kuhusu shamba kule Vihiga, ambako vipande ni vidogo na kila hatua moja ya udongo ina maana, na bado mkamleta mpima ardhi ili mpaka ujulikane; bila hivyo mtawaachia watoto ugomvi ule ule. Unaweza kusamehe na ukaenda Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000. Katiba ya 2010, kifungu cha 159, inahimiza mapatano, usuluhishi na njia za wazee, na kwa ugomvi mwingi hiyo ndiyo njia bora.

Si kwa kila jambo. Mtoto akinajisiwa, hakuna kikao cha wazee, hakuna mbuzi, hakuna "tumalizane kinyumbani, sisi ni Wakristo". Mpeleke hospitali mara moja, ikiwezekana ndani ya saa 72, kisha polisi. Familia ikimwomba mama wa mtoto "asamehe" ili kesi ifutwe, inamwomba kitu kingine na kukipa jina la msamaha.

Linaporudi

Litarudi. Waswahili husema mwenye kovu usidhani kapoa. Utasikia sauti yake sokoni, au mwezi ule utafika, na kifua kitabana kana kwamba hukuwahi kusamehe. Toa karatasi, tazama tarehe, sema, "Nilishaamua, leo naamua tena." Petro aliuliza kama mara saba zinatosha, akaambiwa saba mara sabini. Kwa kawaida tunaufikiria mstari huo kuhusu mtu anayerudia makosa. Nadhani unalifaa pia kosa moja linalorudi kichwani mara 490.

Kama usingizi umekimbia kwa wiki nyingi, au picha za tukio zinakuvamia mchana, maombi yaendelee na pia umwone mshauri nasaha au daktari.

Jeraha la mji mzima

Nakuru ina deni ambalo mtu mmoja hawezi kulisamehe kwa niaba ya wote. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu zaidi ya 1,100 waliuawa nchini katika ghasia za kikabila. Mwishoni mwa Januari 2008 damu ilimwagika hapa mjini na Naivasha, na familia nyingi zikaishi kwenye mahema katika uwanja wa maonyesho, Showground. Huko Molo walikuwa wamewahi kuyaona hayo mwaka 1992. Viongozi walitia sahihi mapatano tarehe 28 Februari 2008. Majirani walirudi, pale waliporudi, kwenye ploti zenye majivu, na wakaanza kuabudu tena katika kanisa moja na watu waliowatilia shaka.

Ushauri wangu kwa jumuiya na vikundi vya maombi: msianze na ibada kubwa ya upatanisho yenye vipaza sauti. Kaeni watu wachache wa makabila tofauti wanaojuana, kila mtu aeleze kilichompata mwenyewe, bila kusema "watu wenu". Mtu asiombe msamaha kwa niaba ya kabila lake kama hajatumwa nalo, na asidaiwe kuomba. Akieleza aliyefiwa, wengine wasijibu kwa kueleza ya kwao papo hapo. Ngojeni kikao kijacho. Na kila baada ya vikao kadhaa fanyeni jambo la mikono pamoja, kama kumjengea mjane choo au kufyeka makaburi. Fanyeni haya mwaka ambao si wa uchaguzi, ili kampeni zikianza muwe tayari na watu wa kupigiana simu uvumi unapoingia mtaani.

Ukiwa wewe ndiye mdaiwa

Katika Sala ya Bwana tunaomba tusamehewe deni zetu katika pumzi ile ile tunayotaja wadeni wetu, kwa hiyo zoezi hili halijakamilika bila upande huu. Chukua karatasi nyingine, andika nani anaweza kuwa ameandika jina lako kwenye yake. Mwendee aliye karibu zaidi. Litaje kosa kwa jina lake: "nilikudanganya", "nilikula pesa", si "kama nilikukwaza". Usieleze sababu mpaka aulize. Usimwombe akujibu hapo hapo, na usimnukulie Mathayo 6 ili asamehe haraka. Kama kuna cha kurudisha, nenda nacho. Kama huna chote, sema utalipa kiasi gani kila mwezi na tarehe gani, muandikiane, na mwezi ukikubana umpigie simu kabla hajakupigia.